Mlezi Asiyehesabu Watoto

Ilianza Jumatatu, mwezi ukiwa na siku nane, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Naijua saa kwa sababu nilikuwa naitazama kila mara, saa ya mkononi aliyoniletea baba kutoka Mtwara, yenye mkanda wa buluu. Nilikuwa nimesimama mbele ya ua wa Mlezi, begi la shule mgongoni, mdogo wangu Sufo nimemshika mkono, na mlango umefungwa kamba kwa nje. Sufo alikuwa na simbi yake ya pwani kiganjani, tayari kuitia kikapuni kwa Mlezi kama ada. Kikapu hakipo, wala mwenyewe hayupo.

Jirani akapita na ndoo kichwani, akasimama kunicheka.

"We mtoto, leo si maji mafu? Mlezi kaenda shamba tangu alfajiri. Umezaliwa wapi wewe?"

Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Ndiyo aibu yenyewe.

Siku ile sikwenda shule. Nilikaa na Sufo barazani kwetu mpaka alasiri, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nilikuwa namfikiria yule mama, kwanza kwa hasira, kisha kwa namna nyingine. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyafikiri.

Nieleze kwanza ua wake. Hapa Palma wanawake wengi huenda pwani maji yakitoka, kuchokoa pweza na kuokota chaza, na mtoto wa miaka mitatu minne huwezi kumpeleka kwenye miamba. Basi unamwacha kwa Mlezi. Yeye hafungui saa fulani. Siku za bamvua, bahari inapotoka mbali, anafungua maji yakianza kutoka, anafunga yakirudi. Leo saa tatu, kesho karibu saa nne, kesho kutwa saa tano kasoro. Siku za maji mafu, bahari ikiwa haitoki wala haijai vya maana, hakuna anayekwenda mwambani, kwa hiyo mama zetu wanabaki nyumbani na yeye anakwenda kulima. Mtu mzima haambiwi haya hapa kwetu. Mtoto haambiwi pia. Mimi niliyasahau kwa sababu ya kengele ya shule. Miaka tisa sasa naishi kwa kengele, na mwezi nikiutazama naona mwezi tu.

Hajawahi kuwa na saa, lakini sijaona mtu mkali wa wakati kama yeye. Mama akichelewa, anamkuta ameketi kizingitini na mtoto wake, na salamu haijibiwi.

"Maji yamejaa mpaka kwenye mikoko. Wewe umetokea wapi?"

"Pwani, Mlezi."

"Pwani gani? Lete pindo la kanga."

Anashika pindo, analiminya. Likiwa kavu, umekwisha. Siku helikopta ya watu wa gesi ilipotua mara ya kwanza uwanja wa mpira, akina mama nusu ya mtaa walikimbilia huko kuishangaa, mama yangu mmojawapo. Waliporudi walipanga foleni mlangoni kama watoto, mapindo makavu, na Mlezi akawapitia mmoja mmoja. Alipofika kwa mama alisema, "Na wewe pia? Huyo pweza alikuwa na bawa?" Mama mpaka leo akikumbuka anacheka peke yake jikoni.

Watu wanasema ni mtu wa watoto. Mwenyewe anakataa. "Watoto mimi siwapendi," huwaambia akina mama usoni. "Ningewapenda ningewalea vibaya." Na kweli habebi, habembelezi, hasemi vile vijineno vya kitoto. Ukianguka anakuuliza, "Chini pana nini ulichokifuata?" Lakini nilipopata homa nikiwa kwake, alinilaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akaketi mlangoni anasuka ukili, na kila mtoto aliyepiga kelele alirushiwa kandambili. Moja ilinipata mimi. Naamini ilikuwa ya upendo.

Kwake hakuna michezo ya kufundishwa. Kuna kazi. Mnakaa mkekani, mnatenga ukili, mweupe kwa mweupe, mwekundu kwa mwekundu. Mnachambua mawe kwenye mchele, na mchele ni wa kweli, mtu ataula leo. Ukiacha jiwe, mchana ule ule utamsikia akilitafuna, halafu analitema mkononi, anauliza kwa upole unaotisha: "Hili la nani?" Mkichoka mnacheza mnavyotaka, yeye hatazami. Au anatazama, sijui. Ni marufuku kuingia na peremende, ila yeye ana kibunda cha ukwaju amekifunga kwenye pindo na anamumunya siku nzima akidhani hatujui.

Sasa simbi. Kila mtoto anakuja na simbi yake, ile kombe ndogo ya pwani yenye mgongo laini na tumbo la meno. Kila moja ina sura yake, hii ina madoa, hii imevunjika sikio. Yangu mjomba aliniokotea kisiwani Vamizi, rangi ya chai ya maziwa. Ukiingia unaitia kikapuni. Ukifuatwa unaitoa, unaondoka nayo. Kikapu kikiwa kitupu, watoto wote wamekwenda kwao. Hivyo ndivyo anavyojua, kwa sababu watoto wa watu yeye hahesabu. Moja, mbili, tatu kwa kidole juu ya vichwa vya watoto, huko ni kuita husuda ije kuchagua. Hata wewe ukijaribu anakupiga kidole.

Aliwahi kuja kijana wa chanjo kutoka hospitali, na sanduku la barafu na karatasi zake.

"Bibi, watoto wako wangapi hapa?"

"Wapo."

"Najua wapo. Wapo wangapi?"

"Waliopo."

Yule kijana akaanza kunyoosha kalamu juu ya vichwa vyetu. Mlezi akaishika ile kalamu, akaiweka sikioni pake mwenyewe. Kisha akaleta kikapu cha pili. Mtoto akichomwa sindano, simbi yake inahamia kikapu cha pili. Mwishoni akampa vikapu vyote viwili: "Hiki kitupu, hiki kimejaa. Andika hivyo." Kijana alizihesabu zile simbi amegeuka ukutani, kama mtu anayeoga.

Mimi pale kwake nilikuwa sisemi. Nyumbani nilisema kidogo, kwake hata neno, tangu mpunga kupandwa mpaka kuvunwa. Mama mmoja alimwuliza mbele yangu, "Huyu ni bubu?" Mlezi hakuinua macho kwenye ukili. "Bubu ana faida," alisema. "Hasemi asilolijua." Yule mama akaondoka na mtoto wake haraka kuliko siku zote.

Hakunilazimisha. Hakusema, "Sema jina lako tusikie." Aliniweka tu karibu na kikapu. Siku moja nikaona simbi yenye sikio lililovunjika imo kikapuni, na mwenyewe haonekani uani. Nikatazama tena mkeka, chooni, nyuma ya mitungi. Nikamvuta kanga. Akanitazama, nikamwonyesha ile simbi. Sijapata kumwona mtu wa umri ule akikimbia vile. Alimkuta mtoto njia ya kisimani, anafuata mbuzi. Alirudi naye kwapani, akaziba tundu la ua kwa magogo, hakunishukuru wala hakunisifu mbele ya wenzangu. Kesho yake nilipofika, kikapu kilikuwa mahali pangu pa kukaa. Basi nikawa mtunza simbi mpaka nilipoanza shule.

Na hapo ndipo nilipo na neno naye, neno la miaka.

Shule kwetu ni kwa Kireno, na mimi nilianza bila hata cha kuombea maji. Mwalimu wa darasa la kwanza aliniuliza kitu, nikanyamaza kwa sababu sikuelewa, akadhani kiburi. Nilisimama pembeni mpaka wenzangu wakaenda kula. Nikajikojolea. Waliniita jina sitaliandika hapa, liliisha darasa la tano. Hata hivyo nilimsamehe Mlezi kwa kutotufundisha, maana nilidhani yeye Kireno hakijui, mtu atakupaje asichokuwa nacho.

Halafu mwaka huu wakaja watu wa kupima ardhi. Tangu gesi imeonekana baharini hapa hapaishi watu wa kupima. Waliingia uani kwake, wakapigilia kigingi chenye utepe mwekundu katikati ya mkeka, naam, wakaukunja mkeka na kupigilia. Mimi nilikuwa nimempeleka Sufo. Mlezi akasimama, akawaambia maneno kwa Kireno. Si Kireno cha sokoni. Kireno kilichopigwa pasi. Hata wenyewe waliokuja na kofia zao ngumu walirudi nyuma hatua moja na kuanza kumwita senhora kwa heshima. Walipoondoka alimfunga mbuzi kwenye kile kigingi, na mbuzi yupo hapo mpaka leo.

"Mlezi," nikasema, sauti ikanitoka ya ajabu, "kumbe unakijua."

"Niliwafulia Wareno nguo na kuwalelea watoto tangu sijavunja ungo mpaka walipoondoka. Nisikijue?"

"Mbona hukutufundisha?"

Akakunjua mkeka, akaulaza kuzunguka kigingi. "Lugha ile mimi niliipata kwa kuamrishwa. Lete, ondoa, nyamaza. Nimeichoka. Na nyinyi hamkuniuliza."

Nilikwenda nyumbani nikalia. Mtoto wa miaka minne atauliza nini?

Hiyo ndiyo hali iliyokuwepo mama alipopata kazi. Ni kazi ya jikoni, kambini Afungi, kuosha vyombo vya watu wa mradi wa gesi. Gari linawachukua saa kumi na moja alfajiri na kuwarudisha magharibi, kila siku ila Jumapili. Mama alifurahi mpaka akaimba. Kisha akaniita.

"Sufo nitamwacha na nani? Baba yako yuko Mtwara. Wewe ndiye uliyesoma, wewe ndiye unayekaa naye. Chagua pa kumweka. Naanza Jumatatu, kabla ya hapo nataka neno moja."

"Na pasipopatikana?"

Alitazama mikono yake. "Pasipopatikana utakaa naye wewe, mwanangu. Mwaka mmoja tu. Shule haikimbii."

Wasichana wawili wa darasa letu la tisa walibaki nyumbani mwaka mmoja tu. Sasa mmoja ana mtoto, mwingine anauza maandazi kwenye lango la mradi.

Pa kwanza nilipopatazama ni escolinha mpya, shule ya watoto wadogo aliyoifungua mama mmoja kutoka Pemba, mji wa jimbo letu, mume wake anafanya kazi kwenye gesi. Watu wanamwita Professora, yaani mwalimu. Ukuta una bata wa rangi, kuna viti vya plastiki, wanafungua saa kumi na mbili na nusu kila siku mwezi uweje. Kireno kuanzia mlangoni. Alhamisi nilimpeleka Sufo kujaribu. Professora ni mwema, sitaki kumsingizia. Alinipa kiti, akaandika jina la Sufo kwenye orodha, akawapanga watoto mstari na kuwahesabu kwa kidole. Nikafumba macho. Kisha kila mtoto asimame mbele aseme jina lake kwa Kireno. Zamu ya Sufo ilipofika, aliingia chini ya meza. Sufo ana miaka minne na maneno yake unaweza kuyasubiri nusu siku. Professora akainama, akamwita kwa sauti tamu, watoto wakacheka, na mimi nikaona maji yanatoka chini ya meza yanafuata mstari wa saruji mpaka kwenye viatu vyangu.

"Atazoea," Professora akaniambia. "Wote huzoea."

Nilitaka kumwambia, mimi nilizoea, na bado sijasema neno darasani mwaka huu. Nilimshukuru, nikapangusa kwa leso yangu.

Jumapili mama aliporudi kisimani nilimpa neno moja: "Mlezi." Akasema, "Alhamdulillahi, basi kule kule." Wala yeye hakukumbuka maji mafu. Mwanamke aliyekwenda mwambani tangu hajaolewa! Tulikuwa tumekwisha kuwa watu wa saa, sote wawili, usiku mmoja kabla ya gari kuja.

Sasa turudi Jumatatu. Alasiri nilimwona Mlezi akipita, jembe begani, kikapu cha mihogo kichwani. Nikamchukua Sufo nikamfuata. Nilipiga hodi mara mbili, ya kwanza haikutoka.

"Shikamoo, Mlezi."

"Marahaba. Nimeambiwa asubuhi ulisimama mlangoni kwangu kama kile kigingi."

Nikacheka kidogo, kisha nikakwama. Alikaa chini, akaanza kumenya muhogo. Hakunisaidia. Sufo alikwenda kumtazama mbuzi. Mlezi akamaliza muhogo wa kwanza, akachukua wa pili. Niliona kwamba angemenya kikapu kizima mpaka niseme.

"Mama anakwenda Afungi," nikasema. "Kila siku. Leo ameanza. Sufo asipokuwa na pa kukaa, naacha shule."

Kisu kikasimama. "Huko Afungi maji yanatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Na kesho?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Kila siku bamvua?" Akatikisa kichwa. "Bahari gani hiyo isiyopumzika? Mama yako atachoka, mwambie nimesema." Akaanza tena kumenya. "Siku za bamvua nipo hapa nasuka, hata kabla ya maji kutoka mlete. Lakini maji mafu ni siku zangu za kulima. Nikikaa na huyu, nani atanilimia?"

"Mimi. Jumamosi."

"Wewe na mikono hiyo ya kalamu?"

"Jumamosi zote."

Alinitazama muda mrefu, kama anayeminya pindo la kanga. "Haya. Jumamosi jua halijatoka. Na jembe lako, langu halitoki kwa mtu."

Ningeweza kuondoka hapo. Nilikuwa nimepata nilichokijia. Miguu ilikuwa imekwisha geuka, lakini nikakumbuka darasa la kwanza, nikageuka tena.

"Na umfundishe Kireno," nikasema.

Mlezi akainua macho kutoka kwenye muhogo.

"Unaniamrisha?"

"Hapana, Mlezi. Nakuuliza. Ulisema hatukukuuliza."

Aliweka kisu chini. Nilidhani atanirushia kandambili. Akafungua pindo la kanga mbele yetu waziwazi, akatoa kipande cha ukwaju, akakimega, nusu akampa Sufo aliyekuwa amerudi kusimama karibu yake. Nyingine akala mwenyewe. Mimi hakunipa. "Nenda kapike," akasema. "Mama yako atarudi na njaa."

Sikujua kama ni ndiyo au siyo. Mama alipofika, mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni, nikamwambia Sufo ana pake. La Kireno sikumwambia.

Leo Jumanne asubuhi nilifika saa kumi na mbili na dakika tano. Mwezi una siku tisa, bado maji mafu, na kamba ilikuwa imefunguliwa. Mlezi alikuwa mkekani peke yake, kikapu kitupu mbele yake. Sufo akasimama kizingitini na simbi yake, anachungulia ule ua mtupu. Mlezi hakumwita. Alipigapiga mkeka kwa kiganja, akasema polepole kwa Kireno, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Senta," na mwenyewe akasogea kumpisha. Sufo akatumbukiza simbi, akaketi. Baada ya kitambo akaupiga mkeka kwa kiganja chake kidogo, akamwambia mbuzi, "Senta."

Niliondoka kabla hawajaniona uso. Sikwenda shule moja kwa moja, nilizungukia kwanza kwa Professora, maana jina la Sufo lilikuwa bado kwenye orodha yake, na mtu mwema hasubirishwi. Alikuwa mlangoni anawapokea watoto, kidole hewani akihesabu, um, dois, três. Nikasema kwa Kireno, sentensi nzima, kwamba namshukuru, na kwamba mdogo wangu hatakuja, amepata mahali.

"Wapi?"

"Kwa mlezi wa mtaani kwetu."

"Ah, yule bibi." Hakuudhika, alitaka tu kujua. "Ana watoto wangapi pale?"

"Wapo," nikasema.

Akangoja namba. Nikaaga kwa adabu, nikafunga begi vizuri, nikakimbia, na nilipofika shuleni kengele ilikuwa bado haijalia.